Maji Yaliingilia Wapi? Bima Tatu za Vitu vya Ndani Mbele ya Masika ya Dar

Kijana wa kukadiria hasara alifika siku ya sita, viatu mkononi, suruali kaikunja hadi magotini kwa sababu uani bado kulikuwa na dimbwi. "Shikamoo mama." Nikaitikia, nikamwingiza sebuleni. Makochi hakuyatazama. Alichuchumaa ukutani, akavuta futi kamba kutoka sakafuni hadi kwenye mstari wa tope, akasoma sentimita 34, akaweka alama kwa kalamu ya bluu. Ndipo akauliza: "Maji haya yaliingilia wapi, mama?"

Nikamjibu kama ambavyo mtu yeyote wa huku kwetu Boko angemjibu: kila mahali. Akaandika. Neno hilo lilinigharimu wiki saba za barua, maana kwenye bima ya vitu vya ndani hakuna maji ya kila mahali. Kuna maji ya juu, ya mlangoni, ya chini na ya bombani, na kila maji yana kifungu chake.

Hiyo ilikuwa masika ya 2024, msimu ule wa El Niño, wiki chache kabla ya Kimbunga Hidaya kututisha mwanzoni mwa Mei. Nilidai milioni 6.4. Nililipwa milioni 2. Tangu hapo ndugu au jirani akiniuliza akate bima gani ya vitu vyake, siulizi kwanza ana shilingi ngapi. Namrudishia swali la yule kijana.

Zinazoshindanishwa

Ukienda kwa wakala hapa mjini utaonyeshwa mojawapo ya hizi tatu, hata kama kila kampuni imeipa jina lake la kuvutia.

Ya kwanza ni bima ya moto iliyoongezewa majanga. Mzizi wake ni moto na radi. Dhoruba, mafuriko, tetemeko na kupasuka kwa mabomba huongezwa juu yake, na kila nyongeza huongeza ada. Kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Ndiyo pia ambayo benki hukudai ukichukua mkopo wa nyumba, na hapo ndipo alipoumia jirani yangu wa mkono wa kulia. Alikuwa na bima, karatasi anazo, ada inakatwa kila mwaka. Kumbe ni ya jengo tu, ya kulinda mkopo wa benki. Kuta zake zilikuwa na bima, kitanda chake hakikuwa nayo.

Ya pili ni kifurushi cha nyumba. Hiki kina sehemu kadhaa ndani ya hati moja: jengo, vitu vya ndani, vitu vya kutembea navyo, na wajibu wako kwa watu wengine. Mpangaji anaweza kuchukua sehemu ya vitu vya ndani peke yake, jambo ambalo mawakala wengi hawalisemi mpaka uwaulize. Moto, radi, dhoruba, mafuriko, mabomba na wizi wa kuvunja huwa vimeorodheshwa humo tayari, ingawa "huwa" si "lazima viwe".

Ya tatu inaitwa ya hatari zote, na hukatwa kwa vitu ulivyovitaja kimoja kimoja, pamoja na namba zake: kompyuta mpakato, kamera, cherehani ya umeme, mikufu. Kwa kila shilingi ya thamani, hii ndiyo ghali kuliko zote.

Tumezoea lugha ya magari, bima kubwa na bima ndogo, tukaihamishia nyumbani. Nyumba haina bima kubwa. Wakala akikwambia "dada, hii ni kubwa, inabeba kila kitu", mwombe akuwekee kidole kwenye mstari.

Kuna tofauti moja kati ya mbili za mwanzo na ya tatu ambayo sikuielewa mpaka nilipokuwa ndani ya ugomvi. Kwenye bima ya moto na kifurushi, majanga yametajwa kwa jina, kwa hiyo kazi ya kuonyesha kwamba kilichokupata ni mojawapo ya hayo ni yako. Kwenye hatari zote, wewe unaonyesha tu kwamba kitu kimeharibika kwa ajali ndani ya muda wa bima. Kampuni ikitaka kukataa, yenyewe ndiyo itafute kifungu kinachokitoa nje na kuonyesha kwamba kinahusika. Likitokea jambo ambalo pande zote mbili hazina uhakika nalo, hapo ndipo utaona faida ya ile ada kubwa.

Maji ya juu

Upepo ukiezua bati mbili usiku, mvua ikamiminika juu ya televisheni, kifurushi kitalipa, na bima ya moto yenye nyongeza ya dhoruba italipa pia. Televisheni imeuawa na mvua, lakini kwenye bima huangaliwa sababu iliyoyaanzisha yote, nayo ni upepo uliofungua paa.

Ugomvi huanza bati likiwa palepale. Maji yamepita kwenye tundu la msumari ulioota kutu, au gata imejaa majani ya mwembe ikamwagia ndani, singibodi ikaporomoka juu ya kabati. Wewe unaona dhoruba. Kampuni inaona uchakavu na uzembe wa matengenezo, vitu ambavyo karibu kila hati huvitoa nje. Jirani mwingine alikwamia hapo: picha zake mwenyewe alizopiga kuonyesha hasara zilionyesha pia kutu ya miaka.

Uingereza, ambako kesi za namna hii ni nyingi, ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya fedha hupitia maswali matatu. Je, siku hiyo au karibu yake kulikuwa na dhoruba kweli? Uharibifu huu ni wa aina ambayo dhoruba husababisha? Na dhoruba ndiyo sababu kuu, au ilifichua tu ubovu uliokuwapo? Jibu likiwa hapana kwenye lolote, dai linayumba. Chama cha kampuni za bima cha huko kina hata vipimo: upepo wa ghafla kuanzia kama kilomita 88 kwa saa, au mvua ya kuanzia milimita 25 ndani ya saa moja. Vipimo hivyo havimfungi mtu wa Dar, lakini maswali yale matatu ndiyo yale yale aliyokuwa nayo kijana wangu kwenye fomu yake, kwa maneno mengine.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuta kama hati yako imeeleza maana ya dhoruba. Ikiwa imeweka kiwango cha upepo, jiulize utakithibitishaje. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina takwimu za vituo vyake, ila mvua ya mji huu unaijua: uwanja wa ndege jua linawaka, Boko tunaanika viatu juu ya ukuta. Hati isiyoweka kiwango ni rafiki yako zaidi hapa, maana neno lililoachwa wazi na mwandishi wa mkataba, likibishaniwa, kawaida husomwa dhidi yake.

Kwa kompyuta iliyokuwa mezani chini ya singibodi, ya hatari zote inazishinda zote mbili bila jasho. Haihitaji dhoruba. Paa linaweza kuwa bovu, lakini kilichochakaa ni paa. Kompyuta imelowa kwa ajali. Kampuni inaweza kusema ulijua paa linavuja ukaiacha pale, na ikiwa ulijua kweli, hilo ni tatizo lako.

Maji ya mlangoni

Haya ndiyo maji ya Dar hasa. Desemba 2011, Aprili 2014, Aprili 2018, kila mtu hapa ana mwaka wake. Bonde la Msimbazi linajulikana nchi nzima, lakini huhitaji kuishi pale Jangwani bondeni ili mtaro ukugeuke. Mikocheni, Msasani, Tegeta, Basihaya, palipozibwa mkondo kwa ukuta wa mtu, maji hutafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa sebule yako.

Mtego wa hapa ni mmoja na ni mkubwa kuliko yote niliyokutana nayo: hati inayosema "dhoruba" bila kusema "mafuriko". Msomaji wa kawaida anadhani mvua kubwa ni dhoruba na maji yake ni dhoruba ile ile. Mwenye bima ya moto aliyenunua nyongeza ya dhoruba peke yake ataambiwa maji yaliyotembea juu ya ardhi yakaingia mlangoni ni mafuriko, na mafuriko hakuyalipia. Ana sababu ya kulalamika, hana sababu ya kushinda. Kwenye kifurushi maneno hayo mawili mara nyingi hukaa pamoja, na kwa mtu wa bondeni au karibu na mtaro hiyo peke yake inatosha kukifanya kistahili ada yake.

Lakini soma na eksesi, ile sehemu ya hasara unayojibeba mwenyewe. Ya mafuriko mara nyingi imewekwa tofauti na nyingine, kwa asilimia na kiwango cha chini. Yangu ilikuwa asilimia 10 ya hasara, isipungue 500,000. Mtu mwenye vitu vya milioni 3 chumba kimoja na sebule anaweza kukuta nusu ya madai yake yanameng'enywa hapo. Kwa huyo, kuweka laki moja kila mwezi mahali asipopagusa na kuinua friji juu ya matofali kunaweza kumsaidia kuliko hati yoyote. Nasema hivyo nikijua mawakala hawatapenda.

Na kama mtaa wako una historia, sema. Fomu ya maombi inauliza kama maji yamewahi kuingia. Ukiandika "hapana" ili ada ishuke, umewapa sababu ya kukataa kabla mvua haijanyesha.

Maji ya chini

Hapa ndipo nilipogombana. Sebuleni maji yalitoka mtaroni, yakapita chini ya mlango, hilo halikubishaniwa. Chumbani, upande wa nyuma, yalianza kupanda kwenye viungo vya vigae kabla ya yale ya mlangoni kufika. Ukiishi Boko unajua: mvua ikikaza wiki mbili, ardhi hushiba, mashimo ya choo hurudisha, sakafu inatoa jasho kisha maji. Barua ya kwanza ya kampuni iliyakubali makochi na zulia, ikayakataa magodoro mawili na kabati la nguo, shilingi milioni 2 kamili, kwa sababu "maji yaliyopanda kutoka ardhini si mafuriko".

Nilidhani wanacheza na maneno. Kumbe msemo huo una umri. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mwenye nyumba aliyeingiliwa na maji yaliyopenya kutoka ardhini, yakafika inchi 3 kwenye choo cha chini. Hati yake ilisema "dhoruba, tufani au mafuriko". Majaji wakasema neno mafuriko, likikaa karibu na ndugu zake hao wawili, linabeba maana ya kitu cha nguvu na cha ghafla. Maji ya kujipenyeza taratibu hayafiki hapo. Akakosa. Miaka ya 1990 ikielekea ukingoni mahakama hiyo hiyo ikalegeza: maji ya mvua yaliyojikusanya haraka juu ya paa la bapa yakaingia ndani yalihesabiwa kuwa mafuriko, ingawa hakuna mto uliovunja kingo. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, ila sheria yetu ya mikataba imekulia kwenye mila hiyo hiyo, na wanaoandika hati za bima wanazijua.

Ukizisoma pamoja, mambo mawili ndiyo yanayopimwa: kasi, na maji yametoka nje kwa namna gani. Nami ushahidi wa kasi nilikuwa nao bila kujua. Binti yangu alikuwa amerusha video kwenye kundi la WhatsApp la familia, saa 10:12 alfajiri, vigae vikavu vyenye unyevu pembeni. Nyingine saa 10:51, ndala zinaelea. Dakika 39. Nikaongeza barua ya serikali ya mtaa kwamba usiku huo mtaa mzima ulifurika, na picha ya uani maji yakiwa yamezunguka nyumba pande zote. Hoja yangu ilikuwa fupi: maji ya chumbani na ya sebuleni ni mafuriko yale yale, yamepitia milango miwili. Wiki ya saba wakakubali.

Kwa ulinganisho wetu: bima ya moto ni dhaifu kabisa hapa. Kifurushi kinategemea sentensi moja. Kuna hati zinazotaja wazi kwamba maji ya ardhini hayamo, na kuna zinazonyamaza. Anayeishi Boko, Basihaya au upande wa chini wa Mbezi Beach asichukue hati iliyotaja, hata ikiwa nafuu. Hatari zote ingelipa, ila nani anakatia godoro bima ya kwa jina na namba?

Maji ya bombani, na umeme

Tanki au bomba likipasuka ghafla, kifurushi hulipa vitu vilivyolowa. Bomba lenyewe hapana. Linalovuja kidogo kidogo miezi sita halilipwi na yoyote kati ya hizi tatu.

Umeme ni habari nyingine. Siku ile ulikatika, ukarudi kwa kishindo, friji likanyamaza. Mimi nikaliweka kwenye orodha ya dhoruba pamoja na samaki waliooza. Vyote vikatolewa: radi imo kwenye hati, umeme kupanda na kushuka haumo isipokuwa umeununua kama nyongeza. Stabilaiza ni rahisi kuliko nyongeza hiyo.

Kilicho ndani, kilicho nje

Swali linalofuata lile la maji ni hili, na wapangaji ndio wanaoumia. Vitu vya ndani ni vile ambavyo ungeondoka navyo ukihama. Kabati za jikoni zilizojengewa, singibodi na vigae ni vya jengo, vya mwenye nyumba. Viti vya plastiki vya barazani, mashine ya kufulia iliyo uani chini ya turubai, tanki, geti, uzio: dhoruba ikivipata nje, hati nyingi huvitoa. Kiyoyozi kina ubishi wake, ndani kipo na nje kipo. Kama umekifunga kwa pesa yako kwenye nyumba ya kupanga, kitaje kwa jina kwenye orodha.

Kwa nini milioni 6.4 zikawa 2

Hili lingenitokea kwenye hati yoyote kati ya mbili za mwanzo, kwa hiyo halichagui mshindi, lakini limewafilisi watu kuliko vifungu vyote vya maji. Friji na samaki, 1,650,000, vilitoka kwa sababu nilizosema. Ikabaki 4,750,000. Wakakata uchakavu, kwa kuwa hati yangu hulipa thamani ya kitu kilivyokuwa siku ile, siyo bei ya kipya dukani. Ikafika milioni 4. Halafu kukaja uwiano. Nilikuwa nimeandika vitu vyangu vyote vina thamani ya milioni 15 ili ada iwe ndogo. Kijana wa futi kamba alipita chumba hadi chumba, hata visivyolowa, akafikisha milioni 24. Kampuni ikasema: umejikatia 15 kati ya 24, sehemu iliyobaki umejibeba mwenyewe. Milioni 4 ikawa 2.5. Toa eksesi 500,000.

Uwiano ule uliniuma kuliko maji. Nimeokoa ada ya elfu kadhaa kwa mwaka, nikapoteza milioni 1.5 kwa siku moja. Kama kampuni inakupa kifurushi cha kulipa kipya kwa cha zamani, uliza bei yake, ukijua kwamba hapo thamani unayoandika lazima iwe ya vitu vipya pia, la sivyo uwiano utakurudia.

Ningemshauri nani achukue ipi

Ghorofani Upanga au Kariakoo, orofa ya tatu kwenda juu, adui yako ni moto, bomba la jirani wa juu na wizi. Bima ya moto yenye nyongeza ya mabomba inaweza kutosha ukiongeza ya wizi. Kulipia mafuriko ni kumchangia mtu wa Boko. Nyumba ya chini, popote penye mtaro, kifurushi chenye maneno "dhoruba" na "mafuriko" yote mawili, na kisichotaja maji ya ardhini kati ya visivyomo. Anayefanyia kazi nyumbani akatie kifurushi vitu vya kawaida, na vyombo vya kazi, viwili au vitatu, avipeleke kwenye hatari zote. Ila awaambie ni vya kazi. Cherehani ya kushonea wateja si chombo cha nyumbani machoni pa kampuni.

Ukishachagua, lipa ada kamili kabla masika haijaanza. Kwa sheria yetu bila ada kulipwa hakuna bima, na risiti ya tarehe ya baada ya mafuriko haina kazi. Hakiki hati yako kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Wakikukataa, dai barua yenye namba ya kifungu, uwajibu kwa maandishi, na ukikwama kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Mimi sikufika huko, ila niliitaja kwenye barua yangu ya tatu, na jibu la barua hiyo lilikuja haraka kuliko ya kwanza na ya pili.

Mwaka huu kabla ya kuhuisha nilimwandikia wakala swali moja kwa baruapepe: maji yakipanda sakafuni wakati mtaa umefurika, yamo au hayamo? Alinipigia simu mara mbili kunieleza kwa mdomo. Mara zote nikamwambia, mdogo wangu, niandikie. Siku ya tisa akaandika: yamo, iwapo nje kuna mafuriko. Nimelichapa jibu lake, nikalibana kwenye hati, na faili lote liko juu ya kabati, mita mbili kutoka sakafuni.